Kwa nini wapige picha ubongo wa mtoto aliye tumboni ilhali hana tatizo?

Mjukuu wa Ujiji (Kigoma)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Ujiji. Naomba msaada wa watu wanaoijua tiba na sayansi yake, kwa sababu jambo lenyewe limekuwa kubwa nyumbani kwetu kuliko lilivyostahili.

Dada yangu anaishi London na mumewe, na ujauzito wake umefika wiki ya 25. Alipokwenda kliniki wiki iliyopita alipewa karatasi inayomwomba ajitolee kushiriki katika utafiti wa kupiga picha za MRI za ubongo wa mtoto angali tumboni. Karatasi inaeleza waziwazi kwamba wanaotafutwa ni wajawazito wenye afya njema, ambao ultrasaundi imekwisha kuonyesha kwamba mtoto yuko sawa. Hakuna malipo isipokuwa nauli, na mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kuulizwa sababu.

Mama hataki hata kusikia. Hoja yake ni kwamba mtu hampelekei fundi baiskeli isiyo mbovu, na kwamba mimba ni kitu cha kusitiriwa, si cha kuingizwa ndani ya mtambo ili wageni waitazame. Shemeji anasema uamuzi ni wa mkewe. Dada mwenyewe anapenda kushiriki, lakini hataki kufanya jambo ambalo mama atalinung'unikia mpaka siku ya kujifungua. Mimi nimetwishwa mzigo wa kuwapatanisha kwa sababu ndiye niliyesoma sayansi hadi kidato cha sita, ingawa sumaku niliyofundishwa mimi ilikuwa ya kuvuta misumari na si ya kuangalia tumbo la mtu.

Naomba kueleweshwa: mashine hiyo inafanya nini hasa, na je, inaweza kumdhuru mtoto? Mtoto ambaye dada anasema hupiga mateke usiku kucha hupigwaje picha isiyoharibika? Na zaidi ya yote, kwa nini wamtake mtoto mzima? Mgonjwa ningeelewa.

Mionzi Tabora

Ndugu Mjukuu wa Ujiji, mimi ni mteknolojia wa mionzi hapa Tabora. Kazi yangu ya kila siku ni eksirei na ultrasaundi, na MRI niliifanyia kazi nilipokuwa mafunzoni Dar es Salaam. Nitajibu maswali yako mawili ya kwanza kwa urefu, na lile la tatu nitaligusa tu, kwa kuwa naamini humu wamo watu watakaolijibu vizuri kuliko mimi.

Kwanza tuliondoe jina. Idara zetu huitwa idara za mionzi, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kila mashine iliyomo ndani yake inatoa mionzi ya aina moja. Sivyo. Eksirei na siti skani hutumia mionzi yenye nguvu ya kuvuruga chembe za mwili, na ndiyo maana tunamuuliza mwanamke kama ana mimba kabla hatujampiga. MRI haina mionzi ya namna hiyo. Inatumia mambo mawili, yaani sumaku yenye nguvu nyingi na mawimbi ya redio. Sumaku hizo hupimwa kwa kipimo kiitwacho tesla, na mashine za hospitali huwa mara nyingi za tesla 1.5 au 3, nguvu ambayo ni makumi ya maelfu ya mara kuliko usumaku wa dunia unaoigeuza sindano ya dira.

Mwili wa binadamu umejaa maji, na ndani ya kila chembe ya maji kuna hidrojeni, ambayo kiini chake hufanya kazi kama kisumaku kidogo. Mtu akilala ndani ya sumaku kubwa, visumaku hivyo huelekea upande mmoja kwa sehemu. Mawimbi ya redio yakipigwa huvisukuma nje ya mstari, na yakikatishwa, visumaku hurudi mahali pake huku vikitoa ishara dhaifu ambayo antena iliyowekwa juu ya tumbo huipokea. Maji yaliyo huru hurudi kwa mwendo wake, na maji yaliyobanwa ndani ya nyama au mafuta hurudi kwa mwendo mwingine. Tofauti hiyo ya mwendo ndiyo inayogeuzwa kuwa weupe na weusi wa picha. Ubongo wa mtoto aliye tumboni una maji mengi zaidi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo sura yake kwenye picha haifanani na ile tuliyoizoea. Mtu aliyezoea kusoma picha za watu wazima huhitaji kujifunza upya.

Kuhusu usalama, utafiti mkubwa wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2016, uliangalia uzazi zaidi ya milioni 1.4 na haukukuta kwamba watoto ambao mama zao walipigwa MRI katika miezi mitatu ya mwanzo walipata madhara zaidi kuliko wengine. Utafiti huohuo uliihusisha dawa ya gadolini, ambayo wakati mwingine hudungwa kwenye mshipa ili picha ing'ae, na ongezeko la madhara kwa watoto; dawa hiyo hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Katika utafiti wa watoto wazima dawa hiyo haitumiki, lakini dada yako aulize hivyohivyo, kwa kuwa kuuliza hakumgharimu chochote. Mambo mengine yanayoangaliwa ni joto na kelele. Mawimbi ya redio hupasha mwili joto kidogo, kwa hiyo mashine imewekewa kikomo ambacho haikivuki. Kelele ni nyingi kweli, mithili ya mtu anayegonga bati kwa nyundo, na mama huvalishwa vizibo vya masikio. Mtoto hukingwa na maji ya uzazi pamoja na tumbo la mama yake, na watoto waliopimwa masikio baada ya kuzaliwa hawakuonekana kupungukiwa na usikivu. Hatari iliyo dhahiri kuliko zote ni chuma. Chochote chenye chuma kinachoingia chumbani kinaweza kurushwa kama jiwe la manati.

Sasa mateke. Hapa nyinyi wa ziwani mtanielewa haraka, kwa maana kumpiga picha mtoto aliye tumboni ni kama kumpiga picha mgebuka majini: huwezi kumwambia atulie. Picha za mwanzo kabisa za MRI za watoto walio tumboni zilichapishwa na watafiti wa Aberdeen, Uskoti, mwaka 1983, na zilikuwa na ukungu, kwa sababu mashine za wakati ule zilichukua dakika nyingi kukamilisha picha moja. Kwa miaka kadhaa baadaye madaktari walilazimika kumtuliza mtoto kwa dawa, ama kupitia kwa mama yake ama kwa kumdunga yeye mwenyewe humohumo tumboni, jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili angelifanya kwa mtoto asiye na tatizo. Mabadiliko yalikuja miaka ya 1990, zilipopatikana mbinu za kukamilisha kipande kimoja cha picha kwa muda usiofika sekunde moja. Hapo ndipo dawa za kumtuliza mtoto zilipoachwa, na hapo ndipo kumwangalia mtoto mzima kulipoanza kuwa jambo la halali.

Hata hivyo kipande kimoja si ubongo. Mashine huchukua vipande vingi, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikiwa na unene wa milimita 3 au 4 hivi, na kati ya kipande na kipande mtoto anakuwa ameshageuza kichwa. Fikiria mkate uliokatwa slesi, kisha mtoto mtundu akazivuruga, nyingine akazilaza, nyingine akazigeuza, na wewe ukatakiwa uurudishe mkate kama ulivyokuwa. Kazi hiyo hufanywa na kompyuta. Vipande huchukuliwa kwa pande tatu, yaani kutoka juu, kutoka mbele na kutoka ubavuni, tena kwa kurudiarudia, kisha programu hukisia mtoto alikuwa amekaaje kila kipande kilipochukuliwa, ikavisogeza na kuvizungusha mpaka vikubaliane, na mwisho ikatoa umbo zima la ubongo ambalo unaweza kulikata upande wowote upendao. Binafsi naona hii ndiyo sehemu ya ajabu kuliko sumaku yenyewe.

Dada atalala ndani ya mashine kwa takriban saa moja. Aombe alazwe kwa ubavu wa kushoto, kwa sababu mimba kubwa humkandamizia mama mshipa mkubwa wa damu akilala chali, akahisi kizunguzungu.

Baba Kasulu

Nimesoma maelezo ya ndugu wa Tabora na nayakubali. Hata hivyo, naona mama yenu ameuliza jambo ambalo halijajibiwa. Hofu yake si sumaku. Anauliza faida ni ya nani.

Mimi nina swali la nyongeza. Hawa watafiti wanakusanya picha za watoto wazima wa London ili waseme, huu ndio ubongo wa kawaida. Je, kesho wakileta kipimo hicho huku, mtoto wa Kasulu au wa Urambo atapimwa kwa mstari uliochorwa kwa watoto ambao mama zao walikula vyakula vingine, hawakuugua malaria wakiwa wajawazito, na hawakubeba ndoo za maji kichwani mpaka mwezi wa tisa? Mtoto wetu akionekana tofauti, ataambiwa ana kasoro, au wataambiwa wao kwamba kipimo chao ni kifupi? Na MRI yenyewe iko wapi? Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Kwa maoni yangu dada akatae, si kwa hofu, bali kwa kuwa si kazi yetu.

Mkunga Mstaafu (Kigoma)

Mwanangu Mjukuu wa Ujiji, marahaba, na mfikishie mama yako salamu zangu. Mwambie kwamba mkunga aliyefanya kazi ya kliniki ya mama na mtoto kwa miaka mingi katika mkoa huu anampa pole, kwa sababu kulea mimba ya binti aliye mbali kwa njia ya simu ni kazi ngumu.

Mwambie pia aitafute kadi ya kliniki ya mjukuu wake yeyote aliyezaliwa miaka ya karibuni, aifungue pale penye mistari iliyopinda tunapoweka nukta za uzito kila mwezi. Aitazame kisha ajiulize mistari ile ilitoka wapi. Haikuchorwa kwa kuwapima watoto wenye utapiamlo. Shirika la Afya Duniani liliwatafuta watoto wazima, walionyonyeshwa vizuri, ambao mama zao hawakuvuta sigara, wakawapima kati ya mwaka 1997 na 2003 katika nchi za Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, na mistari ikatolewa mwaka 2006. Mama wa yule mtoto wa Accra aliyekubali mwanawe awekwe kwenye mizani hakuwa na mtoto mgonjwa, wala hakupata dawa. Lakini mtoto wa Kibirizi aliyeanza kushuka chini ya mstari nilimwona mapema kwa sababu yake yeye. Baiskeli isiyo mbovu haipelekwi kwa fundi, hilo ni kweli, lakini fundi asiyepata kuona baiskeli nzima atajuaje ni wapi palipopinda?

Kwa ubongo wa mtoto aliye tumboni shida ilikuwa kubwa zaidi. Zamani waliojua ubongo huo unavyokua walijifunza kwa maiti za mimba zilizoharibika. Baadaye wakapiga picha watoto njiti, wakidhani kwamba mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 atawaonyesha ubongo wa wiki ya 28 ulivyo, lakini njiti ameshatoka mahali pake, anapumua hewa, pengine anaumwa, na ubongo wake haufuati sawasawa njia ya mwenzake aliyebaki ndani. Kisha zikaja picha za MRI. Mwaka 2001 huko Paris walichapisha mpangilio wa mikunjo ya ubongo kwa watoto 173 wa kati ya wiki ya 22 na ya 38, kazi ambayo madaktari wameitegemea sana. Lakini tazama jambo moja ambalo watu hulipita: wengi wa watoto walioitwa wazima katika tafiti za siku zile hawakuwa watu waliochukuliwa tu mtaani. Mama zao walikuwa wamepelekwa kupigwa picha kwa shaka fulani, pengine kaka yake mtoto alizaliwa na kasoro, kisha ubongo ukaonekana hauna neno. Huo ni uzima wa kufutiwa mashtaka. Ili upate mstari wa kuaminika unahitaji mtoto ambaye hakuna aliyemshuku tangu mwanzo, naye hapatikani mpaka mama yake ajitolee. Dada yako anaombwa kwa sababu hiyo.

Baba Kasulu, shikamoo kama umri unaniruhusu, na kama hauruhusu basi nipokee heshima yangu. Nusu ya maneno yako nayakubali. Upimaji wa ukuaji wa watoto walio tumboni kwa ultrasaundi ulijitahidi: mradi ulioitwa INTERGROWTH-21st, ambao viwango vyake vilitolewa mwaka 2014, ulipima wajawazito wa nchi nane na Nairobi ilikuwamo. Picha za MRI za ndani ya ubongo hazijafika huko. Sehemu kubwa zimetoka Ulaya, Marekani Kaskazini na Asia Mashariki. Lakini tukikataa kila anayetualika, mstari utazidi kuchorwa bila sisi. Dada yake huyu ni binti wa Ujiji aliyeko London. Akiingia yeye, ameingia mtu wetu.

Wengine mtakumbuka watoto wa kichwa kikubwa na mgongo wazi ambao tuliwasafirisha kwa treni hadi Muhimbili. Maji ya ndani ya ubongo hukaa katika vyumba vyake, na chumba cha pembeni kikipimwa upana wake kikafika milimita 10 au zaidi, daktari huanza kuuliza maswali. Ile 10 ilipatikana kwa kupima watoto wengi ambao hawakuwa na tatizo lolote.

Mjukuu wa Ujiji (Kigoma)

Shikamoo Mama Mkunga, na asante sana. Nilimsomea mama ujumbe wako neno kwa neno jana baada ya futari. Hakusema amekubali, lakini alikwenda chumbani akarudi na kadi ya mwanangu, akaikalia kimya kwa muda. Kwa jinsi ninavyomfahamu, hiyo ni hatua.

Baba Kasulu, nashukuru kwa kusema waziwazi. Swali lako nimelituma kwa dada alipeleke kwa watafiti kama lilivyo.

Sasa mama ana maswali mawili mapya. La kwanza, mtoto wa wiki ya 27, kwa kuwa ndiyo wiki ambayo dada angepangiwa, ubongo wake unaonyesha nini ambacho mtu anaweza kukipiga picha? Anadhani bado ni uji. La pili, na hili hata mimi linanisumbua: je, wakikuta jambo baya, watamwambia?

Mwalimu wa Baiolojia (Tabora)

Nitajibu lile la kwanza, kwa kuwa ndilo ninalowafundisha wanafunzi wangu, ingawa mtaala haunipi zaidi ya kipindi kimoja cha kulieleza.

Mama yetu hajakosea sana kusema uji, kama angekuwa anazungumzia wiki za mwanzo. Ila kwanza tukubaliane jinsi ya kuhesabu. Kliniki huhesabu wiki tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na hivyo mimba huwa imezidishiwa kama wiki mbili kuliko umri halisi wa mtoto. Mrija wa neva, ambao ndio chanzo cha ubongo na uti wa mgongo, hufunga takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa, yaani wiki ya 6 kwa hesabu ya kliniki, wakati ambapo wanawake wengi ndiyo kwanza wanaanza kujishuku. Usipofunga, ndipo linapotokea lile tatizo la mgongo wazi alilolitaja Mama Mkunga, na ndiyo sababu asidi ya foliki hushauriwa kumezwa kabla mimba haijatungwa. MRI haioni hatua hiyo. Mtoto ni mdogo mno. Picha zenye maana huanza kupatikana wiki ya 18 hadi ya 20.

Mtoto wa wiki ya 20 ana ubongo laini kwa nje, laini kama ngozi ya embe. Mifereji iliyopo ni michache, mmojawapo ukiwa bonde pana ubavuni ambalo baadaye litazibwa na kingo zake mpaka libaki kama ufa. Wakati huo daraja la nyuzi linaloziunganisha nusu mbili za ubongo, ambalo wataalamu huliita kopasi kalosamu, limekwisha kujengeka, na katika MRI huonekana kama utepe mwembamba uliopinda. Kisha mikunjo huanza kuja, na haiji ovyo. Mifereji ya upande wa nyuma wa ubongo hutangulia, karibu na wiki ya 22 hadi ya 24; mfereji wa kati, unaotenga eneo la kuamuru misuli na lile la kupokea hisia za ngozi, hufuata kati ya wiki ya 24 na ya 27; mifereji midogo huongezeka kwa kasi baada ya wiki ya 28, na ile ya mwisho kabisa hujichora wiki za mwisho na hata baada ya mtoto kuzaliwa. Utaratibu huu una ratiba kali kiasi kwamba msomaji mzoefu anaweza kukadiria wiki za mimba kwa kutazama mikunjo peke yake.

Kwa hiyo mtoto wa wiki ya 27 yuko katikati ya safari, na ndiyo maana watafiti wanampenda. Nje tayari ana mifereji mikuu. Ndani, MRI huonyesha ubongo wake ukiwa na matabaka, jambo ambalo halionekani katika ubongo wako wala wangu. Kandokando ya vyumba vya maji lipo tabaka ambamo seli za neva huzaliwa, na kufikia wiki hiyo linazidi kunywea kwa kuwa kazi yake inaelekea kwisha. Kutoka hapo seli husafiri kuelekea gamba la nje. Chini tu ya gamba hilo kuna tabaka nene la muda, lenye maji mengi, ambamo nyuzi zinazotoka sehemu nyingine za ubongo husimama na kungoja kabla ya kuingia mahali pake pa kudumu, mfano wa abiria wanaosubiri stesheni ya Tabora kubadilisha treni, mmoja wa Kigoma na mwingine wa Mwanza. Tabaka hilo huwa nene kuliko gamba lenyewe, kisha hupungua mpaka linatoweka. Mtu mzima hana. Mtu asiyejua kwamba lipo, na kwamba ni haki yake kuwapo wiki ya 27, angeweza kuliona kwenye picha akadhani ni ugonjwa, na hapo unaona kwa nini kumjua mzima si jambo la anasa.

Vyuo vya London, yaani King's College na Imperial College, pamoja na Oxford, viliendesha mradi uliokusudia kuchora jinsi njia za mawasiliano ndani ya ubongo zinavyojipanga kati ya wiki ya 20 na ya 44, kwa watoto walio tumboni na waliozaliwa, na picha zao walizitoa ili watafiti wa popote wazitumie. Huko Boston mwaka 2017 walitengeneza ramani ya ubongo inayobadilika wiki baada ya wiki, kutokana na watoto wazima 81. Ukiwa na kompyuta nzuri na intaneti isiyokatika, unaweza kuzitazama ukiwa hapa Tabora. Nimewahi kuwaonyesha kidato cha tano ukutani kwa projekta, ubongo laini ukijikunja mpaka ukajaa kama utumbo wa ng'ombe, na darasa zima likanyamaza; umeme ukakatika kabla hatujafika wiki ya 36.

Mionzi Tabora

Narudi kwa lile swali la pili, kwa sababu naliona ndilo zito kuliko yote yaliyoulizwa humu.

Mashine haichagui cha kuona. Katika kundi lolote la watoto wanaodhaniwa kuwa wazima, kuna uwezekano wa kukuta mmoja mwenye jambo ambalo ultrasaundi haikuliona. Mwaka 2017 Uingereza ilitoa matokeo ya utafiti wa MERIDIAN, uliofuatilia watoto 570 walio tumboni ambao ultrasaundi ilikuwa imeonyesha kasoro katika ubongo wao. Ultrasaundi ilipatia utambuzi sahihi kwa asilimia 68, na MRI ikapatia kwa asilimia 93. Hao hawakuwa watoto wa kundi la dada yako, ila tarakimu hizo zinaonyesha kwamba MRI huona zaidi, na anayeona zaidi lazima awe ameamua mapema atafanya nini na alichokiona.

Kwa hiyo, kabla dada hajatia saini, aulize mambo haya kwa maneno yake mwenyewe: picha zitasomwa na daktari bingwa au zitaingia moja kwa moja kwenye kompyuta za watafiti, zitasomwa baada ya siku ngapi, kukiwa na jambo, ataelezwa na nani, na atapelekwa wapi. Utafiti wenye utaratibu huwa na majibu hayo kwenye karatasi yake ya ridhaa. Yeye na shemeji wazungumze pia kama wao wenyewe wanataka kujua. Nimeona wazazi wanaotaka kila kitu na wazazi wanaosema tuachieni mpaka azaliwe, na sijapata kuwaona hawa wakiwa wajinga kuliko wale.

Kwa Baba Kasulu, kuhusu swali la MRI iko wapi, nakubali kwamba umbali ni ukweli. Ila mashine zenyewe zinabadilika. King's College wamekuwa wakipiga picha watoto walio tumboni kwa sumaku ya tesla 0.55, iliyo dhaifu kuliko za kawaida na yenye nafasi pana zaidi kwa mama mwenye tumbo kubwa. Zipo pia mashine ndogo za tesla 0.064 zinazosukumwa kwa magurudumu hadi kitandani, ambazo zimefikishwa katika nchi kadhaa za Afrika kwa ajili ya watoto waliokwisha kuzaliwa. Hazitoi picha safi kama zile kubwa, ila hazihitaji jengo lake peke yake.

Mjukuu wa Ujiji (Kigoma)

Ndugu zangu, nawaletea habari. Dada aliuliza yote mliyomwelekeza. Picha zitasomwa na daktari bingwa, na likionekana jambo ataitwa yeye na mumewe katika kliniki ileile anayohudhuria. Swali la Baba Kasulu walilipokea, wakamjibu kwamba ndiyo sababu wanahitaji mama wa asili mbalimbali. Sijui kama Baba Kasulu ataridhika.

Mama amekubali jana usiku. Kumebaki jambo moja tu. Dada ana bangili ya shaba aliyovalishwa na bibi siku ya harusi, na hajawahi kuivua tangu hapo. Mama anauliza kama nayo lazima ivuliwe, maana anavyojua yeye shaba haivutwi na sumaku.

Mionzi Tabora

Mama anajua vizuri, shaba haivutwi. Lakini hupitisha umeme, na mawimbi ya redio yanaweza kuipasha moto mkononi. Ivuliwe, na shemeji aishike nje ya mlango mpaka mkewe atoke.